Daktari wa Kwanza na Lugha ya Mkunga

Riwaya ya Kiswahili haikusita kuingia katika historia. Katika Kuli (1979), Adam Shafi aliutwaa mgomo wa wachukuzi wa Unguja wa mwaka 1948 akaupa sura ya mtu na jasho lake. Kisa cha wanawake wa kwanza walioingia katika udaktari kinastahili mkono kama huo, kwani wahusika wake wameshaandaliwa na historia yenyewe.

Chuo cha Makerere kilikuwa na wito wa "Tuwe wanaume" mpaka wasichana sita walipoandikishwa mwaka 1945. Wito huo ukabidi ubadilishwe. Mwaka 1959 Josephine Nambooze wa Uganda alihitimu hapo, akawa mwanamke mzalendo wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kuwa daktari. Upande wa Tanzania, Esther Mwaikambo alikwenda kusomea Moscow, akarudi kuwa daktari wa kwanza wa kike nchini. Mwaka 1987 alikuwa miongoni mwa waasisi wa MEWATA, chama cha madaktari wanawake.

Mtego wa mtunzi ni koti jeupe. Ni rahisi kumvika shujaa wake koti hilo, kisha kumfanya mkunga wa kijijini kuwa mfano wa ujinga unaoshindwa. Riwaya ya namna hiyo ni hotuba tu. Mhusika huyo na apelekwe Chalinze, pale barabara itokayo Dar es Salaam inapogawanyika, moja ikishika Morogoro na nyingine Tanga. Mbele yake ameketi mama wa Kikwere, na mkunga wake kando. Mama anasema yumo mwezini, au ana chango. Maneno hayo hayamo katika vitabu vya kigeni alivyosomea daktari. Inambidi awe mfasiri kabla hajawa tabibu, na mwenye kamusi ni mkunga.

Litazamwe neno moja tu: kujifungua. Ndani yake mama ndiye mtenda. Fundo ni lake na mkono ni wake. Katika kuzalisha, mtenda ni mwingine, na mama ni mtendwa. Mgogoro wa riwaya nzima waweza kukaa baina ya vitenzi hivi viwili.

Hata hivyo, mkunga naye asitukuzwe kupita kiasi. Mtoto akikingama tumboni, au damu ikikataa kukoma, utamu wa maneno haumwokoi mama. Hapo elimu ya daktari ndiyo uhai wenyewe, na mtunzi asione haya kusema hivyo.

Lugha ya kumsikiliza mgonjwa haikosekani pwani. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimuusia binti yake na kumwomba Mola shifaa. Sayyida Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, alitenga sura nzima kwa maradhi na matibabu ya Unguja. Wanawake hawa waliusema ugonjwa kwa vinywa vyao, kabla hajatokea mwanamke wa kuwatibu kwa elimu ya chuo.

Mtunzi wa riwaya hiyo aanzie kwao. Asipofanya hivyo, atatuletea daktari msomi anayemuuliza mgonjwa wake "Unaumwa nini?" kisha asielewe jibu.