Pongezi kwa Fundi Mitambo

Katika Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Zanzibar mwaka 2004, vikundi hupokezana jukwaa la Ngome Kongwe usiku: ganuni na fidla za taarabu, kisha ngoma na magitaa ya umeme. Kwa shughuli kama hiyo, mashine za kidijitali za kuchanganya sauti huhifadhi mipangilio ya kila kundi wakati wa majaribio na kuirejesha kwa kubonyeza kitufe. Ndiyo maana wapo wanaodai kwamba mashine imechukua kazi, na fundi mitambo ya sauti hana la kusifiwa.

Dai hilo halisimami. Kilichohifadhiwa ni hali ya uwanja mtupu. Watu wakijaa, miili na nguo zao hufyonza sauti nyembamba, na mwimbaji aliyepata mori huimba kwa nguvu kuliko alivyojaribu. Maikrofoni ikisogezwa karibu na spika, mluzi huzuka papo hapo. Mashine hukumbuka namba. Sikio la fundi ndilo huamua ganuni isifunikwe na maneno yasikike. Hadhira ikielewa kila neno, nayo imshangilie fundi, kwani anastahili.