Nani Ashike Kalamu ya Mwisho?

Ripoti ya saba ya Mtazamo wa Mazingira Duniani, GEO-7, ilizinduliwa Nairobi tarehe 9 Desemba 2025, Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa likiwa kikaoni. Imeandikwa na wanasayansi 287 kutoka nchi 82. Kilichokosekana ni zile kurasa chache ambazo waziri husoma: muhtasari kwa watunga sera. Mwishoni mwa Oktoba wajumbe wa serikali walikutana Nairobi kuupitisha mstari kwa mstari, wakatoka mikono mitupu.

Lawama nyingi ziliangukia siasa, na siasa kweli zilikuwepo. Lakini mlango zilioupitia ulitengenezwa na serikali zenyewe miaka kadhaa kabla, zilipokuwa zikipanga mustakabali wa ripoti hizi.

Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilipoundwa mwaka 1972 lilipewa jukumu la kufuatilia hali ya mazingira ya dunia nzima. GEO ya kwanza ilitoka mwaka 1997. Kufikia ya sita, mwaka 2019, uwanja ulikuwa umejaa: jopo la tabianchi, IPCC, lilikuwepo tangu 1988, na jukwaa la bioanuwai, IPBES, tangu 2012, kila moja likifanya tathmini zake. Wakati hao wawili wana uwanja mahsusi, GEO ilikuwa ikigusa hewa, maji, ardhi, bahari na viumbe kwa pamoja. Je, bado ilikuwa na kazi yake peke yake? Machi 2019 Baraza liliagiza chaguo mbalimbali ziandaliwe, na kamati ya uongozi ikaundwa kulisimamia zoezi hilo. Jibu lilipatikana Machi 2022 katika azimio 5/3: GEO iendelee, iwe mchakato wa kiserikali unaoongozwa na wataalamu, na isaidie pia nchi kujenga uwezo wa kufanya tathmini zao.

“Wa kiserikali” na “unaoongozwa na wataalamu”: ugumu wote umo kati ya maneno hayo mawili. Tathmini ya aina hii ina hatua nne ambapo serikali inaweza kushika kalamu. Ya kwanza ni kupanga maswali: nini kichunguzwe na nini kiachwe. Ya pili ni kupendekeza wataalamu. Ya tatu ni mapitio ya rasimu, ambapo serikali hutoa maoni nao waandishi wanalazimika kuyajibu. Ya nne ni idhini ya muhtasari, na hapo ndipo kalamu hugeuka kufuli. Katika hatua tatu za mwanzo serikali ikishindwa hoja, kazi inaendelea. Katika ya nne kila sentensi huhitaji mwafaka, na pingamizi moja linatosha kuisimamisha.

Kwa nini basi serikali zinaing’ang’ania hatua hiyo? Kwa sababu ina faida ambayo hakuna hatua nyingine inayoitoa. Muhtasari ukishapitishwa, nchi haiwezi kusimama katika mazungumzo ya mkataba ikadai kwamba haya ni maoni ya maprofesa tu, kwa kuwa mjumbe wake alikuwemo ukumbini na aliukubali. Mataifa madogo yanaihitaji silaha hiyo kuliko makubwa. Januari 2019 utaratibu ulizaa matunda: muhtasari wa GEO-6 ulipita, hapo hapo Nairobi.

Safari hii mada yenyewe ilikuwa imebadilika. GEO-7 haikuishia kueleza ugonjwa. Ilijikita katika tiba, ikipendekeza mageuzi ya mifumo ya uchumi na fedha, ya malighafi na taka, ya nishati, ya chakula na ya mazingira yenyewe. Kusema joto linapanda ni sayansi ambayo karibu kila mtu anaweza kuitia saini. Kusema makaa ya mawe, mafuta na gesi yapunguzwe, na ruzuku zake ziondolewe, ni kutia mkono mfukoni mwa mtu. Robert Watson, mmoja wa wenyeviti wenza wa tathmini hiyo, ambaye amewahi kuziongoza IPCC na IPBES, alisema nchi chache ziliuteka mchakato. Kwa maelezo yake, Marekani haikuhudhuria. Iliunganishwa kwa simu mwishoni na kutamka kwamba haikubaliani na sehemu kubwa ya yaliyoandikwa. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Chini ya kanuni ya mwafaka, asiyekuwapo anaweza kuwa na la mwisho.

Hata hivyo, ripoti yenyewe ilitoka. Iliokolewa na mshono uliowekwa tangu mwanzo: sura kamili ni mali ya waandishi, muhtasari ni mali ya serikali. Mshono huo ni wa kulindwa. Kilichokosekana ni njia ya kuendelea pale mwafaka unapogoma. Kanuni za IPCC zinaruhusu maoni yanayotofautiana yaelezwe na, yakiombwa, yaandikwe kwenye kumbukumbu. Anayepinga hupinga kwa jina lake, bila kuwafunga wengine mdomo. Si dawa ya kila kitu, kwani IPCC nayo imekwama kwingine: kuanzia mwaka 2024 serikali zimevutana kikao baada ya kikao kuhusu ratiba ya ripoti zake zijazo, na kama zitakamilika kabla ya tathmini ya mwaka 2028 ya utekelezaji wa Mkataba wa Paris. Kalamu ikibanwa kwenye maandishi, huhamia kwenye kalenda.

Kwa hiyo serikali zitakapopanga duru ijayo ya GEO, swali la kwanza lisiwe mada. Liwe hili: mwafaka ukishindikana, nini kitafuata? Muhtasari utoke na mapingamizi yakiwa yametajwa? Au utolewe kwa jina la waandishi? Yoyote kati ya hayo ni afadhali kuliko ukimya, mradi yaandikwe kabla maswali ya tathmini hayajachaguliwa. Wakati huo hakuna nchi inayojua kanuni itamuumiza nani, na huo ndio wakati pekee ambapo zote zinaweza kuikubali.