Umri, Upendeleo na Chandarua: Juu ya Kusoma Majibu ya Watumiaji katika Bonde la Kilombero

Imekuwa desturi katika taarifa nyingi za utafiti wa watumiaji kupanga majibu kwa mafungu ya umri, kisha kumalizia kwa sentensi moja: vijana hupendelea chombo kipya, wazee hukikataa. Sentensi hiyo huonekana kana kwamba imetoka katika hesabu yenyewe. Aghalabu imetoka katika tafsiri, na tafsiri hiyo hufanyika mara mbili: kwanza, dodoso linapotolewa katika Kiingereza na kutiwa katika Kiswahili, pili, tarakimu za jedwali zinapogeuzwa kuwa maneno. Bonde la Kilombero lafaa sana kwa kulichunguza jambo hili, kwa kuwa huko chombo kilichoulizwa si cha anasa. Ni chandarua chenye dawa.

Namawala, kijiji cha wakulima wa mpunga karibu na Ifakara, kilikuwa mahali pa uchunguzi mkubwa wa malaria mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wataalamu walikadiria kwamba mkazi mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea takriban mara 300 kwa mwaka. Mwaka 1997 mradi wa KINET ulianza kuuza vyandarua pamoja na dawa ya kuvitia, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, kwa jina la Zuia Mbu. Watu walikuwa wameulizwa kwanza, na jina lenyewe laonyesha kwamba walisikilizwa: halitaji ugonjwa, bali lamtaja mdudu ambaye kila alalaye humsikia sikioni. Mwaka 2001 ilitangazwa kwamba vyandarua hivyo vilihusiana na ongezeko la asilimia 27 katika kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Kwa hiyo kuyasoma vibaya majibu ya watu juu ya chandarua si kosa la kitaaluma tu.

Yapasa kuanza na maneno. Waandishi wa madodoso hutumia kitenzi “kupendelea”, na matokeo huyaita “upendeleo”. Lakini katika mazungumzo ya kila siku upendeleo ni kasoro: ni tendo la mgawaji asiye mwadilifu. Mzee aliyelelewa kuona haya kujipendelea, akiulizwa anapendelea kipi, huenda akajibu kwamba chochote atakachopewa kitamfaa. Karani huandika: “Hana maoni.” Kadhalika swali “Una chandarua?” lina maana zaidi ya moja, kwa kuwa “kuwa na” ni kumiliki, tena ni kuwa na kitu karibu nawe kwa wakati huu. Mjukuu alalaye ndani ya chandarua cha bibi yake atajibu ndiyo au siyo kwa kadiri alivyolisikia swali. Na “dawa” ni ya kunywa, ya meno, ya viatu na ya kuulia wadudu. Anayeulizwa kama chandarua chake kina dawa hana budi kuchagua maana kabla ya kuchagua jibu.

Magumu zaidi ni majina ya maradhi. Uchunguzi wa Peter Winch na wenzake katika wilaya ya Bagamoyo, uliochapishwa mwaka 1996, ulionyesha kwamba maneno ya wenyeji kwa magonjwa ya homa hayalingani na neno moja la daktari, na kwamba degedege kwa wengi lilikuwa ugonjwa wa namna nyingine, wenye asili na tiba yake. Basi bibi asemaye kwamba chandarua hakizuii degedege hajakikataa chandarua. Ameliweka degedege katika kundi jingine. Ikiwa wenye kuligawa hivyo ni wengi zaidi miongoni mwa wakongwe, jedwali litatangaza kwamba wazee hawaamini chandarua, hali lililopimwa ni msamiati.

La pili ni umri wenyewe. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yamhesabu mzee kuanzia miaka 60. Sera ya vijana ya mwaka 2007 yamhesabu kijana kati ya miaka 15 na 35. Kijijini “mzee” ni heshima kabla ya kuwa hesabu, na mwenye miaka arobaini na wajukuu wawili huitwa hivyo bila ubishi. Wengi waliozaliwa kabla ya Uhuru wa 1961 hawana cheti, na miaka yao hukadiriwa kwa matukio: Azimio la Arusha la 1967, au ujenzi wa reli ya TAZARA wa miaka ya 1970 hadi 1975. Makadirio hayo huangukia tarakimu zinazoishia na sifuri au tano. Na mipaka ya mafungu huwekwa papo hapo.

La tatu, na ndilo lisahaulikalo zaidi, ni ugawaji. Imeonekana katika nchi nyingi za Afrika kwamba watoto wa umri wa kwenda shule hulala ndani ya chandarua kwa uchache kuliko wadogo zao na mama zao. Je, hawakipendi? Hati Punguzo iliyoanza nchini mwaka 2004 ililenga wajawazito na watoto wachanga. Kampeni iliyofuata ililenga walio chini ya miaka mitano. Ugawaji kwa kaya zote ulikuja baadaye, na ule wa shuleni ulianza mwaka 2013 katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma. Mteremko wa jedwali ni kivuli cha sera. Mtoto wa miaka kumi hakuulizwa lolote. Alionyeshwa mkeka wa kulalia.

Hata yote hayo yakisahihishwa, swali moja hubaki. Karl Mannheim alikwisha kueleza mwaka 1928 kwamba kizazi si umri tu, bali ni watu waliopatwa na mambo yaleyale wakiwa katika hatua moja ya maisha. Aliyekuwa na miaka ishirini Zuia Mbu ilipoanza kuuzwa atakizeekea chandarua pamoja na mazoea yake. Utafiti wa mara moja hauwezi kutenga tabia ya uzee na tabia ya kizazi. Daftari la kaya lililoanzishwa Ifakara mwaka 1996 lina thamani kwa sababu hiyo: lawafuata watu walewale mwaka hata mwaka.

Huenda ikasemwa kwamba hoja hizi zawanyima watafiti kazi. Sivyo. Tofauti za umri zaweza kuwa za kweli, na Zuia Mbu ni ushahidi kwamba kuuliza vema kwaleta faida. Linalotakiwa ni dogo: swali lichapwe kando ya jedwali kwa Kiswahili kilekile kilichotamkwa, pamoja na mwezi lilipoulizwa, maana karani afikaye Namawala majira ya mpunga, wakulima wakiwa mashambani katika madungu yao, huwakuta waliobaki nyumbani, kisha huwaandika kuwa ndio kijiji. Pasipo hayo, atakayesoma kwamba wazee wamekataa chandarua atakipeleka kwingine, na bibi ambaye hakukataa kitu atalala bila chandarua.