Baba sharubu, mama sharubu: ufundi wa msemo wa kambale

Huku Madale, ambako baadhi ya majirani hufuga kambale uani kwenye mabwawa ya saruji au ya turubai, bado utausikia msemo huu: "Ukoo wa kambale: baba sharubu, mama sharubu, mtoto sharubu." Wengine husema ndevu. Hutoka kinywani mwa mkubwa aliyechoshwa na nyumba ambayo kila mtu anatoa amri. Maana yake inajulikana. Mimi nataka tuutazame ulivyojengwa.

Ukishautaja ukoo, yanabaki maneno sita, na matatu kati yake ni neno lile lile. Hakuna kitenzi wala kiunganishi. Upande wa kwanza unashuka ngazi tunayoijua sote: baba, mama, mtoto. Upande wa pili haushuki hata kidogo: sharubu, sharubu, sharubu. Kila kipande kinasimamisha cheo na kukiangusha papo hapo. Hesabu na mizani: "baba sharubu" tano, "mama sharubu" tano, "mtoto sharubu" sita. Mdogo kuliko wote ndiye aliyeongezewa mizani, tena mwishoni, sikio linapongoja. Aliyeutunga alikuwa fundi hasa.

Kipande cha katikati ndicho kinachonikera. Watu hucheka wakifika hapo, kwa kuwa sharubu ni za wanaume, na kicheko hicho kinamwambia mama kwamba neno lake nyumbani halina uzito. Bwawani hakuna kitu cha namna hiyo. Kambale, awe dume au jike, ana sharubu nane, jozi nne kuzunguka mdomo, na hazihusiani na cheo. Macho yake ni madogo, chini kuna tope, na mara nyingi hutafuta riziki usiku. Sharubu ndizo zinazopapasa na kuonja. Kifaranga huziotesha siku chache tu baada ya kuanguliwa, maana asiyepapasa hali. Mwaga pumba jioni uone midomo mipana inavyopanda na sharubu zimetanuka, huku mwingine akija juu kuvuta hewa tu na kuzama tena, kwani ana kiungo cha kupumulia hewa juu ya matamvua.

Kuna jambo jingine ambalo msemo umelikosa kabisa. Kambale wakubwa humeza wadogo, hata ndugu wa uzao mmoja. Ndiyo maana wafugaji huwatenganisha kwa ukubwa tangu wakiwa vifaranga. Sharubu zao zinafanana, midomo haifanani. Umbo la msemo huu linajua kusawazisha tu, halina pa kuweka tofauti hiyo. Kwa ufundi wa sauti naupa alama za juu. Kama maelezo ya ukoo wa kambale, au ya nyumba yoyote ambayo mkubwa anaweza kummeza mdogo, unapotosha.