Uso wa Mkosaji: Mvutano wa Kihakiki kuhusu Filamu ya The Lorax (2012)

Filamu ya katuni The Lorax, iliyoongozwa na Chris Renaud, ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi Machi 2012, na mabishano juu yake yalikwisha kuanza kabla ya hapo. Kitabu cha watoto kilichozaa filamu hiyo kilichapishwa mwaka 1971. Mtunzi wake, Theodor Seuss Geisel, anayejulikana zaidi kwa jina la Dr. Seuss, aliandika sehemu kubwa yake mwaka 1970 akiwa safarini Kenya, karibu na Mlima Kenya. Kinasimulia habari za Once-ler, mfanyabiashara anayekata miti ya Truffula ili kutengeneza vazi liitwalo Thneed, na za Lorax, kiumbe mdogo anayeisemea miti isiyo na ulimi.

Pande mbili zilijitokeza katika mvutano huo. Upande wa kwanza, mtangazaji Lou Dobbs alidai kwamba filamu hiyo inawalisha watoto kasumba dhidi ya biashara na viwanda. Dai hilo si geni: mwishoni mwa miaka ya 1980 baadhi ya wazazi wa Laytonville, California, mji uliotegemea ukataji wa mbao, walitaka kitabu chenyewe kiondolewe katika orodha ya vitabu vya lazima shuleni. Upande wa pili, A. O. Scott wa gazeti la New York Times aliikataa filamu kwa sababu iliyo kinyume: aliiona kuwa bidhaa ya soko iliyojivika joho la sanaa. Waliokuwa na mawazo kama yake walitaja tangazo la gari la Mazda lililotumia mandhari ya miti ya Truffula.

Pande hizi zinatofautiana katika hukumu, lakini kigezo chao ni kimoja. Zote zinapima kiasi cha ujumbe: kwa Dobbs umezidi, kwa Scott umepunjwa. Linda Hutcheon ameonyesha kwamba kazi iliyohamishwa kutoka utanzu mmoja hadi mwingine haifai kuhukumiwa kwa uaminifu wake kwa matini chanzi pekee. Swali lenye tija zaidi ni la kifani: mzigo wa lawama unawekwa juu ya nani, na kwa mbinu gani?

Katika kitabu, Once-ler hana uso. Msomaji huona mikono yake ya kijani tu. Kwa kuwa hana sura, anaweza kuwa mtu yeyote, akiwamo msomaji mwenyewe. Filamu inampa uso wa kijana mchangamfu, mwenye gitaa na familia inayomdharau. Uamuzi huu una utetezi wake. Mtazamaji anamwona mtu wa kawaida akivunja ahadi yake hatua kwa hatua, na hivyo anafahamu kwamba uharibifu hauhitaji zimwi. Hii ndiyo sehemu yenye nguvu zaidi katika filamu, na wanaoibeza yote kwa jumla hawaitendei haki.

Hata hivyo, filamu inaudhoofisha ufanisi wake yenyewe kwa kumwongeza O'Hare, tajiri anayewauzia watu hewa safi. Once-ler anapogeuka kuwa mzee wa kuhurumiwa, uovu unahamia kwa O'Hare, mhusika bapa ambaye hakuna mtazamaji atakayejiona ndani yake. Haitoshi kujitetea kwamba filamu inadai sura na adui wa wazi. Filamu fupi ya televisheni ya mwaka 1972, iliyoandikwa na Geisel mwenyewe, ilimwacha Once-ler bila uso, na simulizi ikasimama.

Badiliko hilohilo linaonekana katika hitimisho. Kitabu kinamsimulia mtoto asiye na jina kwa nafsi ya pili, na kinaishia pale anapokabidhiwa mbegu ya mwisho. Haijulikani kama itaota. Mtafiti wa fasihi simulizi ya Kiafrika atatambua hapa ujirani na ngano za mtanziko, ambazo humwachia msikilizaji hukumu. Katika filamu, mtoto huyo ni Ted, anayetafuta mti ili kumfurahisha msichana ampendaye. Mbegu inapandwa, mji mzima unaimba, na Lorax anarejea. Kazi iliyoachwa mikononi mwa msomaji inakamilishwa na wahusika mbele ya macho ya mtazamaji, naye anaondoka hana deni.

Filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 300 duniani kote, na familia nyingi ziliifurahia. Furaha hiyo si kosa la kisanaa. Dosari iko kwingine, mahali ambapo Dobbs na Scott hawakupatilia mkazo: ujumbe wa kutunza miti umebaki, tena kwa sauti kubwa, ila aliyepaswa kuulizwa amepewa nafasi ya kupiga makofi.