Mirathi Hukatika, Udugu Haukatiki



Miongoni mwa vitabu vinavyosimulia Unguja ya kale, kimoja hakina budi kusomwa kwa jicho la sharia pamoja na jicho la huruma. Ni kumbukumbu za Sayyida Salme, zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 kwa jina lake la baadaye, Emily Ruete.

Mwandishi alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Ubora wa kitabu umo katika habari za ndani ya nyumba. Anaeleza alivyojifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Wazungu wa zama zake waliodhani mwanamke wa Kiislamu hana akili wala mali, aliwajibu kwa ushahidi. Kwa hilo tumshukuru.

Lakini doa lipo. Afikapo kwenye utumwa, anautetea. Anautazama kutoka barazani kwa bwana, si kutoka chini ya mikarafuu. Dini iliyofanya kumwacha mtumwa huru kuwa ibada na kafara haihitaji utetezi huo.

Sasa tuje kwenye udugu. Mwaka 1859 alikuwa upande wa kaka yake Barghash katika njama dhidi ya kaka yao Majid. Njama ikashindwa, Barghash akahamishiwa Bombay. Mwaka 1866 Salme akaondoka Unguja. Mwaka 1867, huko Aden, akabatizwa na kuolewa na Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Mume akafariki mwaka 1870, akamwachia watoto watatu ugenini. Mwaka 1885 akarudi pamoja na manowari za Kijerumani kudai mirathi. Barghash, wakati huo Sultani, hakukubali hata kumpokea.

Hapa wasomaji wengi huchanganya mambo mawili. Fungu la baba, aliyefariki mwaka 1856, alilipata angali Mwislamu, na mwenyewe anakiri. Ama mali ya ndugu waliofariki baada ya kubatizwa kwake, kama Majid mwaka 1870, sharia ni wazi: Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu hawarithiani. Barghash alikuwa na hoja ya kuzuia mali. Je, alikuwa na hoja ya kuzuia salamu? Asmaa binti Abubakar alipojiwa na mama yake, naye bado mshirikina, Mtume (s.a.w.) alimwamuru amuunge mamaye. Salme naye alikosea njia: udugu hauombwi chini ya mizinga ya wageni. Walionufaika ni hao wageni. Mwaka 1890 Unguja ikaingia chini ya himaya ya Waingereza. Na huku Uhehe, Wajerumani wakaiteka Kalenga mwaka 1894.

Msomaji, usiseme hayo ni ya wafalme. Hapa Tosamaganga, penye misheni kongwe ya Kikatoliki, ukoo mmoja huwa na Hasani na Yosefu. Wapo wanaodhani kwamba asiyerithiwa haamkiwi, haulizwi hali, haletewi uji anapougua. Hilo si fungu lolote katika elimu ya mirathi. Ni chuki iliyovaa kilemba. Kisome kitabu hiki, kisha umtembelee nduguyo.

Wallahu aalam.