Mafahali Wawili, Zizi Moja, na Anayeshika Lango

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Basi wahenga hawakuwahi kuona laptopu yenye Windows na Linux. Unachukua diski moja, unaigawa, kila mfumo endeshi unapewa chumba chake, na mashine ikiwaka inakuuliza: leo tunaamka kama nani? Tafuta fundi mzuri pale Luthuli Avenue na atakufanyia kazi hiyo bila jasho.

Lakini ukiangalia vizuri, methali haijavunjwa. Mafahali hawa hawakutani kamwe. Mmoja akiwa macho, mwingine ni rundo la faili zilizolala. Nafasi ya kuwaweka wote ipo tele. Swali ni nani anashika lango.

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye In the Beginning... Was the Command Line, insha ndefu ya mwandishi wa riwaya wa Marekani, Neal Stephenson, iliyotoka mwaka 1999. Ukiwauliza watu wa kompyuta wakutajie kitu kilichoandikwa vizuri kuhusu vita vya mifumo endeshi, wengi watakutajia hii. Na wanaikumbuka kwa picha moja: njia panda yenye wauzaji wanne wa magari. Msomaji wa Nairobi ataiona Ngong Road mara moja.

Yadi kubwa kabisa ni ya Microsoft. Inauza magari ya familia, hayana sura, yanaharibika ovyo, na karibu kila mtu anayanunua. Apple wanauza magari maridadi ya bei kali ambayo huwezi kujua ndani kuna nini. Be, kampuni ya Jean-Louis Gassée aliyekuwa zamani Apple, inauza gari la ajabu kama lile la Batman. Halafu kando ya barabara kuna kambi ya mahema tu. Hiyo ndiyo Linux. Pale wanagawa vifaru vya kivita, bure kabisa, funguo zikiwa ndani. Wapita njia wanavitazama, wanasema hawajui kutengeneza kifaru, kisha wanaenda zao kununua gari bovu.

Ni picha tamu, na inachekesha kwa sababu ina ukweli ndani yake. Stephenson pia ana jambo zito la kusema kuhusu zile ikoni tunazobofya kila siku. Anazilinganisha na Disney World: watu wako radhi kulipa ili ulimwengu uletwe kwao ukiwa umeshapikwa na kupakuliwa. Sehemu hiyo haijazeeka hata kidogo. Ukiwa na simu mkononi leo, utadhani iliandikwa juzi.

Shida yangu iko kwenye ile njia panda. Ndani yake mnunuzi yuko huru: yadi zote ziko wazi, bei zinaonekana, na akichagua vibaya ni shauri yake. Stephenson anatucheka kwa kufuata mkumbo. Lakini je, mnunuzi alifika barabarani kweli?

Chukua kisa cha hiyohiyo Be. Mwaka 1998 Hitachi walikubali kuuza Japani kompyuta za Flora Prius zikiwa na mifumo miwili, Windows 98 na BeOS. Ungetarajia mashine ikiwaka ikupe menyu uchague. Haikuwa hivyo. BeOS ilikuwemo kwenye diski, nzima, lakini haikuonekana popote mashine ilipowaka. Mtu aliyeitaka alilazimika kutafuta maelekezo ya Be ili aifufue. Mwaka 2002 Be waliishtaki Microsoft, wakidai kwamba leseni ya Windows iliwafunga mikono watengenezaji wasiguse programu ya kwanza inayoamka, ile inayoamua nani awashwe. Mwaka 2003 Microsoft walikubali kulipa dola milioni 23.25 bila kukiri kosa. Wakati huo Be ilishakufa, mali yake imeuzwa kwa Palm.

Sasa rudi njia pandani. Gari la Batman halikukataliwa na mnunuzi. Liliuzwa pamoja na gari la familia, likafunikwa turubai, na mwenye kulipa hakuambiwa lipo. Huyo utamlaumu vipi kwa kufuata mkumbo? Mwezi Novemba 1999, mwaka uleule wa insha, Jaji Thomas Penfield Jackson wa Marekani aliandika kwamba Microsoft ilikuwa imehodhi soko. Miongoni mwa mambo aliyoyaeleza ni masharti waliyowekewa watengenezaji kuhusu kile mtumiaji anachokiona kompyuta ikiwaka kwa mara ya kwanza. Vita vyote vilikuwa pale, kwenye sekunde chache za mwanzo. Picha ya Stephenson, pamoja na utamu wake, haina nafasi ya sekunde hizo.

Na vita havijaisha. Apple walileta Boot Camp mwaka 2006, ukaweza kuweka Windows kwenye Mac. Mwaka 2020 walipoanza kutumia chipu zao wenyewe, mashine hizo mpya zikaja bila Boot Camp. Agosti 2024, sasisho la usalama la Windows liliziacha baadhi ya kompyuta zenye mifumo miwili zikikataa kuwasha Linux. Microsoft, ambao mkubwa wao Steve Ballmer aliiita Linux saratani mwaka 2001, tangu 2016 wanaruhusu programu za Linux zifanye kazi ndani ya Windows. Wengi walisherehekea, ati amani imefika. Ni kweli inarahisisha kazi. Lakini hapo Linux ni mgeni aliyelazwa sebuleni, na mwenye nyumba ndiye anayefunga mlango usiku.

Kuna kichekesho kingine kwa sisi wa huku. Kwa kawaida Linux huweka saa ya mashine kwa UTC, wakati Windows huichukulia saa hiyohiyo kuwa ya mahali ulipo. Toka Linux, ingia Windows, na unaweza kukuta Nairobi imerudi nyuma saa 3. Mswahili hashtuki sana. Sisi tunasema saa mbili asubuhi huku simu ikiandika 8:00, na kazini tunafika. Kuishi na mifumo miwili kichwani hakujawahi kutushinda.

Kinachotushinda ni ile menyu. Ukinyamaza, sekunde zinahesabiwa, zikiisha mashine inajichagulia mfumo uliowekwa uwe wa kwanza. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinazitaja lugha rasmi mbili, Kiswahili na Kiingereza. Kwenye karatasi, hiyo ni mashine yenye mifumo miwili kamili. Sasa soma mkataba wako wa kazi, au yale masharti marefu uliyoyakubali ulipofungua akaunti benki, uone ni lugha gani iliyowaka. Hakuna aliyekifuta Kiswahili. Kimo, kizima, kama BeOS kwenye ile Hitachi. Kisha tunaambiana kwamba vijana hawakipendi, kama ambavyo wapita njia wa Stephenson hawakupenda vifaru.

Kwa hivyo someni insha hii. Inacheza, inauma, na mwandishi wake aliiachia bure mtandaoni. Ila mkifika njia pandani msitazame magari pekee. Muulizeni mwandishi nani alipanga yadi, na nani aliamua ipi ionekane kwanza ukitokea mjini.